Nyumba Hii Haiuzwi

*Nyumba za vyumba sita za Kariakoo na Jangwani zinaondoka moja baada ya nyingine. Lawama nyingi humwangukia mwekezaji. Makala haya yanatazama kinachotangulia kabla mwekezaji hajabisha hodi: mirathi.*

"NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI."

Maneno yamepakwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya bati, upande wa Jangwani, iliyobanwa katikati ya ghorofa mbili. Herufi za mwisho zimesongamana kwa sababu mwandishi alilifikia dirisha kabla maneno hayajaisha. Chini yake ni baraza ya saruji iliyolika kingo, na barazani mama mmoja anakaanga mihogo. Ghorofa ya kushoto imejaa fremu za vitenge na vipodozi. Ya kulia bado inajengwa, nondo zimechomoza juu, na vumbi la saruji linatua kwenye bati la jirani.

Mgeni akisoma tangazo hilo atadhani mwenye nyumba anawafukuza matapeli wa mjini. Mwenyeji wa Dar es Salaam anajua kwamba mara nyingi rangi hiyo imepakwa na ndugu dhidi ya ndugu. Mmoja ameshapokea fedha za dalali, mwingine amezisikia habari msibani, na wa tatu ameamka alfajiri na kopo la rangi.

Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Kariakoo zilivyofikia mwisho wake. Zimesimama kwa miaka 60, 70, hata 80 zikivumilia mvua za masika, mchwa na wapangaji wasiolipa, kisha zikashindwa na swali moja: nani achukue nini?

Milango mitatu huku, mitatu kule

Nyumba yenyewe kila mtu anaijua, na labda ndiyo sababu hakuna anayeitazama. Mlango wa mbele ni wa mbao, vipande viwili. Kizingiti kimelika katikati kwa nyayo. Ukivuka unaingia kwenye ukumbi mrefu wenye kiza hata saa sita mchana: milango mitatu kulia, mitatu kushoto, kila mmoja na pazia lake na kufuli lake. Mwisho wa ukumbi unaona mwanga wa uani. Huko kuna jiko, choo, bafu, bomba, kamba za nguo, na mabanda ya uani yaliyoongezwa familia ilipokua au wapangaji walipoongezeka.

Plasta ikibanduka, ukuta unaeleza umejengwaje. Kuna boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji, fito zimefungwa kwa kamba, na katikati yake udongo mwekundu uliochanganywa na vipande vya mawe. Paa lilianza kwa makuti, likafuata la madebe yaliyokatwa na kunyooshwa, mwisho likaja bati. Katika nyumba za zamani zaidi unaweza kuona hatua zote tatu kwa kutazama misumari tu.

Kila chumba kina mpangaji na kila mpangaji ana mambo yake, lakini mita ya LUKU ni moja. Umeme ukikatika usiku, ukumbi mzima unajua nani hajachangia.

Baba mwenye nyumba, na mara nyingi mama mwenye nyumba, alikaa chumba cha mbele na kupangisha vilivyobaki. Wajenzi wa nyumba hizi walikuwa makuli wa bandarini, wapishi, madobi, mafundi cherehani, askari wastaafu, makarani, mabaharia na wanawake waliouza vyakula na pombe. Wengi wao hawakuwa na mwajiri wa kuwalipa kiinua mgongo. Chumba cha kupangisha ndicho kilichowalisha uzeeni. Kwa mwanamke aliyeachika na asiyetaka kurudi kwa kaka zake, nyumba yake mwenyewe mjini ilimpa kauli ambayo hakuipata kwingine.

Kabla haijawa Kariakoo

Ardhi hii ilikuwa shamba la minazi. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani ilishikwa na Mjerumani mmoja mwenye shamba, Schoeller, na serikali ya kikoloni ikaichukua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, nyuma ya uwazi wa Mnazi Mmoja. Mji uligawanywa sehemu tatu ambazo wazee bado wanazitaja bila kufikiri: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mitaa ya Uswahilini ilichorwa kwa rula, viwanja vidogo vidogo vilivyonyooka, na ukubwa wa kiwanja ndio ulioamua umbo la nyumba.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Banda la soko lililojengwa na Wajerumani likafanywa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na kutokana na kikosi hicho eneo zima likapata jina lake la leo. Vita vilipokwisha mitaa ikajaa. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja mwaka hadi mwaka. Kuta na paa vilikuwa vyake, lakini ardhi haikuwa yake.

Sensa ya 1957 iliihesabu Dar es Salaam nzima kuwa na watu wasiofika 130,000. Ile ya 2022 iliukuta mkoa una watu 5,383,728. Katikati ya tarakimu hizo mbili kiwanja cha Kariakoo hakikuongezeka hata hatua moja.

"Nyumba ya udongo iliokolewa mwaka 1971 na unyonge wake."

Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia Sh100,000. Pigo lilishuka Uhindini, ambako familia za wafanyabiashara wenye asili ya Asia zilikuwa zimejenga ghorofa kwa vizazi viwili au vitatu. Maelfu ya majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ya udongo haikufika thamani hiyo. Mwenye vyumba sita vya Mtaa wa Swahili au Mtaa wa Likoma alibaki na ufunguo wake mfukoni.

Miaka ya katikati ya 1980 biashara ikafunguliwa. Makontena yakaingia kutoka Dubai, kisha kutoka China, na Kariakoo ikawa mahali pa kununulia bidhaa kwa wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Comoro. Miaka ya mwanzo ya 2000 mipango ya mji ikaruhusu ghorofa ndefu badala ya nyumba za chini. Kuanzia hapo bei haikuihusu nyumba tena. Mnunuzi alipiga hesabu ya kiwanja na kukata gharama za kubomoa.

Waliokaa barazani

Wanaosema nyumba hizi ni udongo na bati tu wanasahau nani alikaa humo.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji aliyeletwa na Hermann von Wissmann kupigana na Abushiri. Kleist alikulia Dar es Salaam, akawa katibu wa kwanza wa African Association iliyoundwa mwaka 1929, na miaka minne baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Mtaa wa Kipata, alikoishi, leo unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Alifariki mwaka 1949. Maisha yake tunayajua vizuri kwa sababu mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyahariri na kuyachapisha katika kitabu cha mwaka 1973 kilichosimamiwa na John Iliffe.

Mwanawe Abdulwahid, aliyekuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo, alimpokea kijana mwalimu aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Julius Nyerere aliletwa kwake nyumbani, wakakaa, wakazungumza. TANU ikaundwa Julai 7, 1954, pale pale Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, ambako CCM ina Ofisi Ndogo zake hadi leo. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 hakuwa na mshahara wala pa kulala mjini. Alikaa kwa Abdulwahid kabla ya kuhamia Magomeni. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid katika kitabu kilichotoka London mwaka 1998, ametumia miongo kadhaa akitaja nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa: nani aliishi wapi, kikao gani kilifanyika ukumbini mwa nani.

Wakati huohuo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alikuwa akipita kwa wanawake wenzake wa vikundi vya lelemama kuwaandikisha TANU. Walikuwa na mtandao tayari: ngoma, harusi, misiba, na nyua za nyumba zao ambamo polisi wa kikoloni hakuwa na sababu ya kuingia. Ukiniuliza mimi, ua wa nyumba ya Kiswahili ulifanya kazi ya siasa ambayo hakuna ukumbi wa mikutano uliopangishwa kwa kibali ungeweza kuifanya.

Mpira nao ulitoka mitaa hii. Yanga iliundwa mwaka 1935, na makao yake makuu ya leo yako Jangwani, Mtaa wa Twiga. Wapinzani wao wako Msimbazi. Kabla ya kuwa na majengo, klabu zote mbili zilikutana pale wazee wa klabu walipokaa, yaani barazani mwa mtu.

Nyumba ya Mwalimu ya Magomeni, ndogo, ya kawaida kabisa, imehifadhiwa na kufanywa kituo cha kumbukumbu. Ukitoka Magomeni ukavuka bonde la Msimbazi kuja Jangwani na Kariakoo, ambako harakati zilianza, hukuti nyumba ya familia iliyohifadhiwa namna hiyo.

Mafungu manane, vyumba sita

Sasa turudi kwenye kopo la rangi nyekundu.

Tuchukue mzee aliyefariki akaacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Familia nyingi za Kariakoo hurithishana kwa sheria ya Kiislamu. Mjane anapata thumni, moja ya nane. Inayobaki, saba ya nane, wanagawana watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Kwa familia hii hesabu inatoka safi kabisa: mjane fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili. Jumla ni mafungu manane.

Nyumba ina vyumba sita.

Kwa kawaida hakuna anayegawa siku hiyo. Mama bado yuko hai na si adabu kumtoa. Binti mdogo hajaolewa. Kaka mkubwa anakusanya kodi, na kila Idi anatoa kitu kidogo kwa wadogo zake. Miaka inapita. Kisha mmoja wa wale wana wawili naye anafariki, anaacha mke na watoto. Fungu lake la robo linafunguliwa upya: mama yake, bibi mwenye nyumba, anapata sudusi ya robo hiyo, mjane wake thumni, watoto wake wanachukua kilichobaki. Robo imekatwa vipande 24. Vinne ni vya bibi, vitatu vya mjane, 17 vya watoto.

Mjane huyo wa pili sasa anamiliki vipande vitatu kati ya 96 vya nyumba yote. Katika vyumba sita, haki yake haifiki hata robo ya chumba kimoja.

"Haki ya mtu inaweza kuwa kamili kwenye karatasi na isiwe na mahali pa kutandika mkeka."

Wakati huo warithi wameshatawanyika. Mmoja yuko Chanika, mwingine Tegeta, mmoja Muscat, watoto wa marehemu wako Leicester na hawajawahi kulala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja. Kitu pekee kinachoweza kugawanyika mpaka senti ya mwisho ni fedha. Dalali analijua hilo. Hahitaji kumshawishi kila mtu. Anamtafuta mmoja mwenye shida: ada ya shule, dawa, madeni.

Majumba ya Waingereza

Waingereza walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilihili, na inafaa kulitazama kwa sababu linaonyesha bei yake.

Kule mashambani mwa Uingereza kuna majumba ya vyumba zaidi ya mia moja yaliyokaa katika ukoo mmoja kwa karne nyingi. Chatsworth, katika jimbo la Derbyshire, imekuwa ya ukoo wa Cavendish tangu 1549. Siri ya kudumu kwao ilikuwa sheria ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume kila kitu. Dada zake waliolewa na mahari yao, wadogo zake wakaenda jeshini, kanisani au makoloni. Nyumba haikukatwa kwa sababu ndugu ndio waliokatwa.

Kilichoyavunja ni kodi. Mwaka 1894 serikali yao ilianza kutoza kodi ya mali za marehemu, na viwango vikapanda kila vita vilipokwisha. Mkuu wa ukoo wa Cavendish, Duke wa kumi wa Devonshire, alipofariki Novemba 1950, mali yake ilitozwa asilimia 80. Ili kulipa, familia ilitoa ardhi, picha za thamani, na jumba lake jingine, Hardwick Hall, ambalo mwaka 1959 likawa chini ya National Trust, taasisi ya uhifadhi iliyoanzishwa mwaka 1895. Koo nyingine zilibomoa tu. Mamia ya majumba yalianguka katika karne ya 20, na mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yaliandaa maonyesho ya kuyaomboleza.

Siyatamani majumba yale. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba maeneo 93 yaliyo chini yake yana uhusiano na ukoloni na utumwa, na sehemu ya fedha zilizoyajenga ilitoka kwenye migongo ya watu kama sisi. Wala siitamani sheria yao. Katika mirathi yetu binti ana fungu lake lililotajwa, halisubiri huruma ya kaka. Kama kulilinda paa la bati kunadai kumnyima binti haki yake, basi paa na liende.

Ila funzo lipo. Wao walijua kwamba nyumba haidumu katika ukoo bila utaratibu uliowekwa na mwenye nyumba angali hai. Sisi tunao utaratibu wetu na tunauacha.

Wakfu umekwenda wapi?

Nazungumzia wakfu. Mwenye mali anaweza, angali hai, kuitoa nyumba iwe wakfu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na kodi yake inatumika kama alivyoagiza, kwa kizazi chake, msikiti, madrasa au maskini. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimedumu kwa njia hiyo.

Wakfu si dawa ya kila kitu. Nyumba ya wakfu isiyoingiza kodi ya kutosha huoza, na Mji Mkongwe una mifano. Hata jengo lenye dola nyuma yake linaweza kuanguka: Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika mji uliotambuliwa na UNESCO tangu 2000, iliporomoka sehemu yake kubwa Desemba 25, 2020. Kutangaza kwamba nyumba haiuzwi hakutoshi, lazima mtu alipe fundi.

Wanaotaka kuuza wana hoja

Tuwe wakweli kwa upande wa pili. Nyumba hizi zinavuja. Choo cha shimo kimejaa na gari la majitaka halipiti kwa sababu ya meza za machinga. Kodi ya vyumba sita kwa mwaka, ikigawanywa kwa warithi 12, haimtoshi yeyote, ilhali fremu moja ya ghorofa ya jirani inatoa kodi kubwa kuliko nyumba nzima, mbali na kilemba anachotoa mpangaji ili aingie. Kumwambia mama mwenye kisukari asubiri kwa sababu nyumba yake ni historia ya taifa, wakati taifa halijamletea hata mfuko wa saruji, ni kumwonea.

Kwa hiyo wengi wanachagua ubia. Familia inaleta kiwanja, mwekezaji analeta fedha, ghorofa inapanda, na mkataba unasema nani achukue sakafu zipi na kwa miaka mingapi. Ukifanywa vizuri ubia unaibakiza familia Kariakoo. Ukifanywa vibaya, msimamizi wa mirathi anasaini peke yake, mkataba hausajiliwi, sakafu zinaongezwa juu ya zile zilizomo kwenye kibali, na familia inasubiri fremu ambazo mwekezaji ameshazipangisha.

Na kuna hatari ya uhai. Machi 29, 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi ilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo penyewe, makutano ya Mchikichi na Kongo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani asubuhi. Zaidi ya watu 20 walifariki na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo zima. Udongo wa nyumba ya zamani ulikuwa na aibu zake, lakini haukuwahi kuwafukia watu wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Wapangaji hawaitwi kwenye kikao chochote. Mama muuza mihogo wa barazani, fundi wa chumba cha tatu, kijana anayebeba mizigo sokoni na kulala karibu ili awahi alfajiri, wote hupewa notisi na kutafuta chumba Mbagala au Gongo la Mboto. Nauli inakula alichokuwa akiokoa.

Sheria inatoa nini

Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Ni jambo dogo ambalo lingezuia nusu ya maandishi mekundu mjini kama kila mrithi angelijua. Anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne aorodheshe mali na kurudisha hesabu ya mgawo. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda kuuliza hesabu hiyo iko wapi. Na kabla ya mirathi, mume anapokuwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe.

Kuna pia sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Kwa sheria hiyo kila sehemu ya ghorofa inaweza kuwa na hati yake. Maana yake ni kwamba familia iliyoingia ubia haina haja ya kumwachia kaka mkubwa sakafu tatu kwa niaba ya wote: bibi anaweza kupata hati ya sehemu yake, binti ya kwake, na watoto wa marehemu ya kwao. Yale mafungu manane yanaweza kuwa milango minane. Sheria hiyo inatajwa zaidi na wauzaji wa apatimenti za Upanga na Masaki kuliko kwenye vikao vya arobaini, na huko kwenye arobaini ndiko inakohitajika.

Kwamba watu wanaweza kubomolewa na bado wakarudi tumeliona Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za zamani za serikali zilihesabiwa kwa majina, na ghorofa mpya zilipozinduliwa Machi 2022 zilipewa makazi pale pale. Ilichukua miaka na manung'uniko mengi, lakini ilifanyika.

Mwaka 1863

Upande wa kumbukumbu sheria ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho Dar es Salaam karibu yote iko nje, kwa kuwa Sultani Majid ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuujenga mji miaka hiyohiyo ya 1860. Kariakoo nzima, iliyojengwa karne ya 20, haina ulinzi huo. Jengo la baadaye lazima litangazwe na waziri katika Gazeti la Serikali, na orodha za majengo ya kihistoria ya Dar es Salaam zimeelemea katikati ya mji: maboma, makanisa, ofisi za Wajerumani. Aliyepanga kipimo hicho alifikiria mawe. Hakumfikiria dobi wa Mtaa wa Mafia aliyejenga vyumba sita kwa akiba ya maisha yake.

Sidai nyumba zote zibaki. Haiwezekani na si haki. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana mwaka huu wa fedha. Kwanza, halmashauri ya jiji, yenye ofisi ya serikali ya mtaa katika kila kona, izihesabu nyumba za vyumba sita zilizobaki Jangwani na Kariakoo, ipige picha na kuchora ramani ya kila moja, na iandike nani alijenga na nani alipanga, kabla kibali cha kubomoa hakijatolewa. Chuo Kikuu cha Ardhi kina wanafunzi wanaohitaji mafunzo ya vitendo kila mwaka, na kazi hii ni ya kwao.

Pili, serikali inunue nyumba moja. Iinunue kwa bei ya soko, si kwa kuitwaa, ili warithi wake wote walipwe mafungu yao kamili na asibaki mtu wa kupaka rangi ukutani. Ipatikane yenye ukumbi wake, ua wake na kuta zake za fito, na waachwe ndani wapangaji wawili watatu na kodi yao ilipe fundi wa paa.

Tatu ni kwa wenye nyumba walio hai. Aliye na hati, ofa au leseni ya makazi, na aliye na watoto zaidi ya mmoja, awaite sasa, angali na sauti, na aseme mbele ya mashahidi kama nyumba itakuwa wakfu, itaingia ubia kwa hati za sehemu, au itauzwa na kila mtu apewe chake. Kikao hicho hakihitaji wakili siku ya kwanza. Kinahitaji cheti cha kiwanja kitolewe chini ya godoro na kisomwe kwa sauti, mabinti wakiwemo.